Saa ya Kulala: Jinsi ya Kupima Matunzo katika Nyumba ya Watu Wenye Ulemavu

Mwanafunzi wa bweni anaijua vyema kengele. Humwamsha, humpeleka bwaloni, humrudisha darasani, na usiku humzimia taa. Hunung'unika kidogo, kisha hulala, maana anajua kwamba likizo itakuja na kwamba siku moja masomo yatakwisha. Sasa na tumfikirie mtu mzima wa miaka 30, mwenye akili timamu, ambaye misuli yake imedhoofika hata hawezi kujigeuza kitandani. Naye anaishi kwa kengele, lakini hana likizo wala mahafali. Chakula anapewa, shuka zake ni safi, na dawa humfikia kwa wakati. Je, matunzo anayopata ni mema?

Swali hili laweza kuchunguzwa kisayansi, na kisa kimoja cha Uingereza kinatuonyesha jinsi lilivyochunguzwa na jinsi lilivyozua ubishi mkubwa.

Mwaka 1948 Leonard Cheshire, aliyekuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza, alimpokea mgonjwa mahututi katika jumba lake liitwalo Le Court, huko Hampshire. Wakafuata wengine, na jumba likageuka kuwa makao ya watu wenye ulemavu wa mwili. Baadaye nyumba za namna hiyo zilienea katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki. Kwa kipimo cha siku zile hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwani kijana mwenye ulemavu mzito asiye na wa kumtunza aghalabu aliwekwa katika wodi ya wagonjwa wa kudumu, miongoni mwa wazee waliokuwa wakingoja kufa. Paul Hunt, kijana mwenye ugonjwa wa kudhoofika misuli, alitoka katika wodi ya aina hiyo na kuhamia Le Court mwaka 1956.

Hata hivyo, haukupita muda mrefu kabla ya wakazi kuanza kuvutana na uongozi. Walidai kuchagua wenyewe saa ya kulala, kunywa pombe wakipenda, kutoka nje bila ya kutoa taarifa, na wanaume na wanawake kuwa na urafiki pasipo kuingiliwa. Mambo hayo yaonekana madogo. Lakini hebu tulichukue lile la kulala na kulipigia hesabu. Tuseme nyumba ina wakazi 20 wasioweza kujilaza, na wahudumu wawili wa zamu ya jioni. Kumvua mtu nguo, kumwosha na kumlaza huchukua robo saa. Kazi yote ni dakika 300, na kila mhudumu ana dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Ikiwa zamu inakwisha saa 3 usiku, watu wa kwanza wataanza kulazwa saa 12.30 jioni, huku jua la kiangazi cha Uingereza lingali juu. Hakuna ukatili hapo, ni hesabu tu. Ukatili huanza pale hesabu inapogeuzwa kuwa kanuni, na mkazi akaambiwa kwamba kulala mapema ni kwa faida yake.

Mwaka 1971 watafiti watatu, King, Raynes na Tizard, walitoa kitabu juu ya nyumba za kutunzia watoto, wengi wao wenye ulemavu wa akili. Hawakuuliza kama wahudumu wana upendo, kwa kuwa upendo haupimiki kwa urahisi. Waliuliza mambo yanayoonekana kwa macho. Je, siku za mapumziko watoto huamshwa saa ile ile ya siku za kazi? Je, husubiri kwa mstari bafuni? Je, kila mmoja ana nguo zake? Je, wahudumu hula pamoja nao? Majibu yalipewa alama, nazo alama zikajumlishwa. Kadiri ratiba ilivyokuwa ngumu na watu kutendewa kwa makundi, ndivyo nyumba ilivyohesabiwa kuwa inaendeshwa kwa manufaa yake yenyewe, si ya wanaoishi humo.

Matokeo yake yanafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba nyumba ndogo lazima iwe njema. Udogo peke yake haukuwa sababu ya tofauti walizoziona. Lililokuwa na uzito zaidi ni mamlaka ya msimamizi kuamua mambo ya kila siku papo hapo bila ya kungoja amri ya mbali, pamoja na mafunzo aliyoyapata. Kipimo hicho kilibuniwa kwa watoto, lakini maswali yake yanafaa hata zaidi kwa mtu mzima. Kiswahili chenyewe kimeliona jambo hili, maana mtoto hulelewa, lakini mtu mzima hutunzwa.

Wakazi wa Le Court nao walitaka utafiti. Mwaka 1962 waliiomba Tavistock Institute ya London ichunguze maisha yao, na Eric Miller na Geraldine Gwynne wakatumwa baadaye kuifanya kazi hiyo. Taarifa yao ya mwaka 1972 ilieleza mitindo miwili ya matunzo: wa ghala, ambao hujali tu kurefusha uhai, na wa bustani, ambao hukuza vipawa vya mtu. Walisema pia kwamba anayeingia katika nyumba kama hiyo huwa tayari amekufa machoni pa jamii. Paul Hunt alikasirika. Kwa maoni yake watafiti walijidai kuwa hawaegemei upande wowote, kumbe walikubali tangu mwanzo kwamba nyumba hizo hazina budi kuwapo. Swali lake lilikuwa: kwa nini watu wamewekwa humo? Mimi naona Hunt alikuwa na hoja nzito. Anayepima joto ndani ya chumba kilichofungwa aweza kupata namba sahihi kabisa asijue lolote juu ya mlango. Mwaka huo huo barua yake katika gazeti la The Guardian iliwaita watu wenye ulemavu waungane, na Hunt akaendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1979.

Mwaka huo wa 1979 baadhi ya wakazi wa Le Court walianzisha mpango walioupa jina la Project 81, kwa ajili ya Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu uliokuwa ukija. Hoja yao nayo ilikuwa ya hesabu: fedha ambazo serikali ya wilaya huilipa nyumba kwa ajili yangu, zinatosha mimi kupanga nyumba yangu na kumwajiri msaidizi. Walibishana na wakuu kwa miaka kadhaa, na mmoja baada ya mwingine wakahama.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasema katika ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na wa kuishi naye. Kwetu walio wengi huishi na jamaa zao, si katika nyumba za matunzo. Maswali ya mwaka 1971 yanaweza kuulizwa humo pia. Kaka aliyepooza miguu, je, huulizwa anataka kula nini? Nani huamua kama leo atatoka kibarazani? Na usiku, wakati wengine wangali wanazungumza, nani husema kwamba sasa ni saa yake ya kulala?