Viti vya ngozi katika motokari: namna ya kuvisafisha

Wengi wetu tunaosha motokari siku ya Jumamosi juu ya kutafuta minervali. Muhula huu mwenzetu mmoja alifanya kazi asubuhi nzima, halafu mwenye gari akakataa kumlipa: viti vya ngozi vilitoka rangi, kwani vilisuguliwa na brosi ngumu na sabuni ya kufulia nguo. Kwa hiyo sisi wa darasa la mwisho tumeona vema kueleza jambo hili.

Kwanza ni vumbi. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo uliingia Goma, ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, na mji ukajengwa tena juu ya mawe yake. Magurudumu yanayasaga kila siku. Unga ule mweusi ni mgumu, una ncha kali. Ukiusugua na kitambaa chenye maji, ni kama ile karatasi ambayo maseremala wanakwangulia mbao. Basi anza pakavu: brosi laini, polepole, zaidi ndani ya mishono. Maji yatangoja.

Sasa sabuni. Katika kemia tulisoma kipimo cha pH, toka 0 mpaka 14, na maji safi ni 7. Ngozi iliyotengenezwa iko upande wa asidi, karibu 4 au 5; sabuni ya kufulia iko upande wa pili, 9 au 10. Inatoa mafuta yale waliyoweka ndani ya ngozi wakati wa kuitengeneza. Nyuzi zake zinakauka, na siku nyingine, mtu akikaa, inapasuka. Shampo ya watoto ni afazali: matone machache ndani ya kikombe cha maji. Chukua povu tu, pangusa, kisha pitisha kitambaa chenye maji safi kilichokamuliwa sana. Hapana kumwaga maji juu ya kiti, maana chini yake mara nyingi kuna nyaya. Nusu ya bidoni inatosha, na sisi wa Mapendo tunajua bei ya bidoni! Wino wa Bic usiutoe na esansi; rangi ya ngozi itatoka pamoja nao.

Kiti kikauke kivulini, milango wazi. Ndipo kupaka krimu ya ngozi, kidogo sana, na baada ya dakika chache kufuta ile inayobaki. Wengine wanapaka mawese ili kiti kiangae. Kinaangaa kweli, lakini mawese yanaoza, yananuka, na yanashika vumbi lote la barabara.

Tena, viti vingi vinavyoitwa vya ngozi ni simili. Tazama upande wa nyuma kama kuna mahali palipofunguka: ngozi ina nyuzi nyuzi zisizo na mpango, simili ina kitambaa kilichofumwa. Simili hainywi krimu, msipoteze mali ya watu.

Mbele ya kuanza, mwonyeshe mwenye gari kila ufa, zaidi ule wa pembeni pale dereva anapopandia, kwani ndipo kiti kinapoanza kuisha. Ufa hauponi kwa krimu. Hiyo ni kazi ya fundi wa kushona viti, na bei yake ni ingine.