Kutungika Machela Uani Pasipo na Miti

Kupumzika mchana, nako ndiko kulala kailula, ni katika mambo yaliyosuniwa, wala hapana lawama Mwislamu kujitengenezea nyumbani mwake pahali pa kujinyosha. Wengi wapenda machela, yaani kitanda cha nguo au cha wavu kitungikwacho kwa kamba huku na huku. Shamba hapana taabu, kwani minazi miwili yatosha. Shida ni mjini, ambako ua ni kipande cha mchanga kilichozungukwa na kuta.

Mwaka 2017 nalitaka kumtungikia mama yangu machela katika ua wa namna hiyo. Upande mmoja nalikuwa na nguzo. Upande wa pili palikuwa na ukuta wa jirani. Nikaikumbuka Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayohimiza mtu asimnyime jirani yake nafasi ya kuegemeza boriti ukutani mwake. Nikaona nimepata hoja, nikapigilia kulabu bila ya kuuliza.

Siku ya tatu mama alipojiinua ili akatie udhu, ukuta ukafanya ufa. Hakupiga hatua nne, kipande kikaanguka pale pale kilipokuwa kichwa chake. Alhamdulillahi, hakuumia. Jirani alipokuja hakunitukana. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, mbona hukubisha hodi?"

Hapo nikatambua makosa yangu mawili. La kwanza ni la elimu. Maulamaa wamekhitalifiana katika jambo hili: Imamu Ahmad ameliona kuwa ni haki ya jirani, maadamu ukuta haudhuriki; ama Imamu Shafi, katika kauli yake ya baadaye, ameliona kuwa ni hisani, na ruhusa ya mwenye ukuta haina budi. Basi mimi sikuwa na hoja kwa huyu wala kwa yule.

La pili ni la ufundi. Boriti huuelemea ukuta kwa kuukandamiza chini, bali machela huuvuta kwa ubavu, na ukuta wa mawe na chokaa hauna nguvu ya kuvutwa hivyo. Tena mvuto huo waweza kupita uzito wa mtu. Mwenye kilo 60, kamba zikishuka kwa pembe ya digrii 30, kila kamba huvutwa kwa kilo 60. Zikikazwa hata pembe ikawa digrii 10, kila moja huvutwa kwa kilo 170 na zaidi. Kwa hivyo machela na ilegee.

Nikaulipa ukuta, kisha nikatengeneza viegemeo vyangu mwenyewe. Namna yake ni hii. Twaa boriti nne madhubuti za futi 8, uzifunge mbili mbili karibu na ncha ya juu mfano wa mkasi, miguu itanuke, na kila mguu uzikwe futi moja ili usiteleze. Mkasi mmoja uwe mbali na wa pili kiasi cha futi 11. Juu yake laza boriti ya tano, nene na ndefu, uikaze barabara. Machela ifungwe katika boriti hiyo ya juu, karibu na kila mkasi. Ndiyo itakayoupinga mvuto, wala hapana ukuta utakaoguswa.

Kabla hajalala mtu, laza humo gunia mbili za mchanga za kilo 50 usiku mzima. Machela isipite futi moja na nusu kutoka chini, na chini pasiwe na jiwe. Kamba zikaguliwe kila juma, na watoto wasiachwe kurukia.

Enyi vijana, raha ya mtu isijengwe juu ya madhara ya mwenziwe, wala elimu ya Hadithi moja isimtoshe mtu akaacha kuuliza. Siku nilipoinua boriti ya tano, aliyenishikia ncha ya pili alikuwa ni yule jirani. Na safari hii nalikwenda kwake nikabisha hodi.

Wabillahi taufiki.