Kompyuta Isipoiona Diski, Usikimbilie Kununua Nyingine

Fundi anachomeka flashi yenye Windows, anawasha laptop, anachagua lugha na kukubali masharti. Ikifika hatua ya kuchagua mahali pa kuweka Windows, orodha inatokea tupu. Kioo kinasema hakuna diski iliyopatikana. Mwenye mashine, aliyekuja nayo kutoka Ndhiwa au Awendo, anaambiwa diski imekufa na ajiandae kununua nyingine. Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Kwenye laptop za miaka ya karibuni, diski isiyoonekana wakati wa kuweka Windows aghalabu ni nzima, na kinachokosekana ni faili dogo linalopatikana bure.

Tatizo hili si geni, lakini sasa lina sababu mpya ya kuenea. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti: kwa mashine za Intel, inataka chipu ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hiyo mwalimu wa Oyugis, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au mwenye saiba pale Isebania anayetaka kubaki salama analazimika kutafuta laptop iliyotumika ng'ambo, ya ex-UK, iliyo mpya kidogo kuliko ile aliyonayo: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Na kadiri anavyopanda vizazi, ndivyo anavyozidi kukutana na mashine ambazo kisakinishi cha Windows hakizioni diski zake. Kizazi cha 11 cha Intel, kilichotoka mwaka 2020, kilileta kwenye laptop mpangilio uitwao VMD, na hapo ndipo penye fundo.

Kizazi husomeka kwenye jina la chipu. Core i5-8350U ni kizazi cha 8, na i5-1145G7 ni cha 11. Anayenunua akijua kusoma namba hiyo anajua pia, kabla hata ya kufika kwa fundi, ni shida gani ya kutarajia.

Ili kulielewa jambo lenyewe, tufuate safari ya kompyuta kuelekea diski. Kwanza, umeme unapowashwa, programu ya ndani ya mashine, ambayo wengi wetu huiita BIOS hata kama siku hizi ni UEFI, hukagua vifaa vilivyounganishwa. Pili, kisakinishi kilicho kwenye flashi huanza kufanya kazi na kutafuta diski kwa kutumia draiva zake chenyewe, si zile za BIOS. Tatu, diski ikipatikana, kisakinishi husoma namna ilivyogawanywa na kuamua kama kinaweza kuandika juu yake. Diski inaweza kupotea katika hatua yoyote kati ya hizi tatu, na kila hatua ina dawa yake. Abiria aliyesimama Luanda K'Otieno akisubiri kuvuka kuja Mbita hajapotea kwa sababu feri haijamfikia. Yuko palepale, na anayetaka kumpata huuliza kwanza feri imekwama wapi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: je, BIOS inaiona diski? Zima mashine, iwashe, kisha bonyeza kitufe cha kuingilia: F2 kwa Dell nyingi, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Tafuta ukurasa unaoorodhesha vifaa vya kuhifadhi. Jina la diski na ukubwa wake vikiwapo, vifaa vyako vimeunganishwa na vinazungumza. Funga mkoba, na usinunue chochote.

Jina lisipokuwapo hata kidogo, hapo ndipo bisibisi inapohitajika. Chomoa chaja, tenganisha betri, kisha toa diski na kuirudisha vizuri mahali pake. Kwenye laptop zinazotumia diski za inchi 2.5, kagua ule waya mwembamba bapa unaoiunganisha na ubao mkuu. Ni mwepesi kukatika, na ukikatika diski nzima huonekana imekufa. Kwenye zile za M.2, hakikisha aina. Vijiti vya M.2 hufanana kwa umbo lakini vingine huzungumza kwa njia ya SATA na vingine kwa NVMe, na tundu la NVMe pekee haliwezi kukiona kijiti cha SATA. Mtu anaweza kununua diski mpya kabisa, akaichomeka ikaingia vizuri, na bado isionekane kwa sababu hiyo tu. Mwisho, iweke diski kwenye kasha la USB na kuijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikikataa na huko, hukumu ya kifo sasa ina ushahidi. Diski ya kuzunguka inayogonga tiki-tiki isiwashwe mara kwa mara, kwani kila kuwasha kunaweza kuzidi kuiharibu na kupunguza uwezekano wa kuokoa yaliyomo.

Turudi kwenye hali ambayo huwachanganya wengi: BIOS inaiona diski, kisakinishi hakioni. Kisakinishi hujua vifaa ambavyo waandishi wake walivitilia draiva, basi. Shida hii imejirudia kila mara vifaa vinapokimbia mbele ya programu. Windows XP ya mwaka 2001 haikuwa na draiva za AHCI, hali ya kawaida ya kudhibiti diski za SATA, na mafundi wa wakati huo walilazimika kubonyeza F6 na kuingiza diski laini yenye draiva. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, ilhali kanuni za NVMe zilichapishwa mwaka 2011, kwa hiyo flashi ya asili ya Windows 7 haiwezi kuiona diski ya NVMe. VMD ni sura mpya ya kisa hichohicho. Mpangilio huu huiweka diski ya NVMe nyuma ya kidhibiti cha Intel, na kisakinishi kisicho na draiva ya kidhibiti hicho hakiwezi kuvuka kuifikia. Kwenye mashine za kabla ya hapo, kizuizi kama hicho hutokea BIOS inapowekwa kwenye hali ya RAID, jambo ambalo Dell nyingi hutoka nalo kiwandani.

Dawa ya kwanza ni kukipa kisakinishi draiva yake. Kwenye kompyuta nyingine, fungua tovuti ya mtengenezaji wa laptop, andika modeli kamili, na upakue draiva ya Intel Rapid Storage Technology (RST). Chukua ile ya modeli yako, kwa kuwa matoleo hutofautiana kulingana na kizazi cha chipu. Hapa ndipo wengi hukosea: hunakili faili la kupakua kama lilivyo na kuliweka kwenye flashi, kisha kisakinishi kinadai hakuna draiva. Kisakinishi hutafuta mafaili yenye mwisho wa .inf, na hayo yamefungwa ndani. Lazima uyafungue kwanza. Faili la Intel liitwalo SetupRST.exe hufunguliwa kwenye dirisha la amri kwa kuandika jina lake, kisha -extractdrivers na jina la folda unayotaka. Ukilipakua kutoka kwa HP, Dell au Lenovo, mara nyingi lina chaguo lake la kufungua bila kusakinisha. Nakili folda nzima kwenye flashi.

Ukifika tena kwenye orodha tupu, bofya "Load driver", elekeza kwenye folda hiyo, chagua kidhibiti kinachotokea, na uendelee. Muda mfupi baadaye diski inatokea na ukubwa wake. Faili la Windows 11 linazidi gigabaiti 5, na draiva hii ni ndogo mno mbele yake. Fundi mwenye bando la kuhesabu atajisaidia sana akihifadhi folda za draiva za modeli zinazoletwa kwake kwa wingi, kila moja na jina lake.

Dawa ya pili ni kuingia BIOS na kuzima VMD, au kubadilisha RAID kuwa AHCI. Windows ina draiva yake ya NVMe tangu toleo la 8.1, kwa hiyo diski itaonekana bila msaada. RAID ni ya kuunganisha diski kadhaa, hivyo kwa laptop yenye diski moja haikusaidii kitu. Njia hii ni nyepesi na inafaa pale unapoweka mfumo upya kwenye diski tupu. Hata wanaoweka Ubuntu huihitaji: kisakinishi chake kikikuta hali ya RST, huonya na kuomba izimwe.

Lakini kuna onyo ambalo halipaswi kurukwa. Ikiwa ndani ya diski kuna Windows ya zamani ambayo bado unaihitaji, kubadili hali hiyo kunaweza kuifanya ishindwe kuwaka na kuonyesha kioo cha buluu. Usiogope na usifomati. Irudishe BIOS ilivyokuwa, na mfumo wa zamani kwa kawaida huwaka tena. Pia, diski iliyolindwa kwa BitLocker inaweza kudai ufunguo wenye tarakimu 48 mara mipangilio ya BIOS inapoguswa. Kwa mashine inayotumia akaunti ya Microsoft, ufunguo huo mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Utafute kabla ya kugusa chochote, maana bila huo hakuna fundi atakayeyafungua yaliyomo.

Hatua ya tatu ni ya diski inayoonekana lakini inakataliwa. Kisakinishi kinaeleza kwamba diski imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, ilhali mashine imewaka kwa UEFI inayotaka GPT. Kama Windows 10 iliyomo bado inawaka, kuna zana ya Microsoft iitwayo mbr2gpt, iliyokuja na toleo la 1703, ambayo hubadilisha mtindo bila kufuta mafaili. Nakala ya akiba lazima iwepo hata hivyo, kwani stima ikikatika katikati ya kazi na betri ya laptop imechoka, hakuna zana itakayokuokoa. Kama diski haina kitu cha thamani, amri ya clean ndani ya diskpart, zana ya Windows ya kugawanya diski, itaisafisha. Amri hiyo haiulizi mara mbili. Flashi yako nayo imo kwenye orodha ya diski ambayo diskpart huonyesha, hivyo soma ukubwa wa kila diski kabla ya kuchagua namba.

Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu kilicho ndani ya diski kina thamani kuliko diski yenyewe. Laptop ya saiba hubeba nakala za vitambulisho na PIN za KRA za watu wasioijua hata sura ya fundi. Ya mwalimu hubeba alama za wanafunzi, ya katibu wa chama hubeba hesabu za michango. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na wajibu huo haukomi mashine inapofika kwa fundi. Diski ikibadilishwa, ile ya zamani ni mali ya mteja. Aondoke nayo, kwani diski "iliyokufa" ikichomekwa kwenye mashine yenye draiva sahihi inaweza kusomeka yote.

Basi ukiambiwa diski yako imekufa, mwombe fundi mambo matatu kwa heshima. Akuonyeshe ukurasa wa BIOS. Akueleze ni draiva gani amejaribu, au kama VMD na RAID vimezimwa. Na akuambie nakala ya mafaili yako iko wapi kabla hajafuta. Fundi mzuri atayajibu maswali hayo bila kukereka, kwa sababu ndiyo maswali anayojiuliza mwenyewe. Na vyuo vya ufundi vya kaunti zetu vingewafaa vijana wao kwa kuwafundisha mpangilio huu, BIOS kwanza, draiva pili, mgawanyo wa diski tatu, kabla ya kuwafundisha kubofya "format". Ufundi wa kompyuta ni kujua kwa nini kitu hakionekani. Kufuta na kuanza upya kunakuja baada ya hapo, na mara nyingi hakuhitajiki kabisa.