Majivu ya Pumba katika Saruji

Kama unaishi Kharumwa, katika Wilaya ya Nyang'hwale, bila shaka umewahi kuona lundo la pumba karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Pumba hizo ni maganda magumu ya nje ya punje. Zikiachwa shambani huchelewa sana kuoza. Wafyatuaji wa matofali huzichukua ili kuchomea tanuri zao. Je, majivu yanayobaki yana kazi gani?

Mpunga unapokua hufyonza silika kutoka ardhini pamoja na maji. Silika ni kitu kilekile kilichomo katika mchanga mweupe na katika kioo. Mmea huiweka kwa wingi ndani ya ganda la punje, na ndiyo maana ganda hilo hukwaruza mkono. Pumba zikiungua vizuri, karibu sehemu 9 katika kila sehemu 10 za majivu yake huwa ni silika. Majivu ya kuni za jikoni hayako hivyo. Usiyatumie badala yake.

Saruji ikichanganywa na maji hufanya gundi inayoshika mchanga na kokoto. Wakati huohuo hutokea chokaa, ambayo haisaidii sana kutia nguvu, tena huyeyushwa na maji polepole. Silika ya majivu huungana na chokaa hiyo, penye maji, ikafanya gundi nyingine ya namna ileile. Vitundu vidogo hujaa na maji hupenya kwa shida. Warumi wa kale walipata faida hiyo kwa kutumia majivu ya volkano.

Jambo gumu ni moto. Majivu meusi yana mkaa ndani yake. Moto ukizidi sana nyuzi 700 za Sentigredi, silika huanza kugeuka kuwa fuwele, nayo huwa mvivu wa kuungana na chokaa. Majivu mazuri ni ya kijivu hafifu, na husagwa yawe laini kama saruji yenyewe. Unapoyashika, funika pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake hudhuru mapafu.

Sasa piga hesabu. Kilo 100 za mpunga hutoa karibu kilo 20 za pumba, na pumba hizo hutoa karibu kilo 4 za majivu. Mfuko wa saruji una kilo 50. Ukitaka majivu yachukue nafasi ya asilimia 15 ya saruji hiyo, utahitaji kilo 7.5, yaani pumba za karibu kilo 190 za mpunga. Kwa mjenzi aliye mbali na viwanda vya saruji vya Dar es Salaam, Tanga, Mbeya na Mtwara, hiyo si akiba ya kudharauliwa.

Kuna faida nyingine. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti walijaribu kutia nyuzi za katani katika bamba za saruji za kuezekea. Bamba mpya zilikuwa imara. Baada ya miaka kadhaa, chokaa ya saruji ilizila nyuzi, na bamba zikawa rahisi kupasuka. Majivu yenye silika hupunguza chokaa hiyo, kwa hiyo nyuzi hudumu zaidi.

Jaribu pamoja na mwalimu wako. Tengeneza tofali dogo kwa gramu 100 za saruji na gramu 300 za mchanga. Tengeneza la pili kwa gramu 85 za saruji, gramu 15 za majivu na mchanga uleule. La pili litahitaji maji zaidi kidogo. Usishike saruji mbichi kwa mikono mitupu, maana huunguza ngozi. Yafunike matofali kwa gunia bichi kwa siku 28. Kisha weka kila tofali juu ya mawe mawili, uning'inize ndoo katikati yake, uongeze mchanga ndani ya ndoo mpaka tofali livunjike. Pima uzito wa ndoo kila mara, na uandike katika daftari lako. Ukivunja jingine siku ya 7, huenda lile la majivu likashindwa: kazi ya silika huenda polepole. Nguzo na msingi wa nyumba usivijenge kwa mchanganyiko huu kabla fundi stadi hajaupima.