Jina Lisilokuwamo Katika Orodha

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba ubaguzi wa rangi michezoni lazima uwe na sheria na mabango. Wiki hii nataka tumtazame James Peters, mcheza raga aliyebaguliwa kimya kimya.

Peters alizaliwa Salford, Uingereza, mwaka 1879. Mama yake alikuwa Mwingereza. Baba yake, Mjamaika aliyefanya kazi ya sarakasi, aliuawa na simba aliokuwa akiwafundisha. Mtoto akalelewa katika nyumba za yatima mjini London, na huko ndiko kipaji chake cha michezo kilikoonekana. Baadaye akawa seremala, akachezea Bristol, kisha Plymouth katika jimbo la Devon.

Machi 1906 aliichezea England dhidi ya Scotland, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya timu hiyo. England ilishinda 9-3. Siku chache baadaye akacheza tena, safari hii na Ufaransa.

Oktoba mwaka huo huo ikafika timu ya Afrika Kusini. Siku ya kupambana na Devon, wageni walisita kuingia uwanjani kwa sababu Peters alikuwamo. Walibembelezwa, wakacheza. Lakini Desemba, England ilipokutana na wageni hao mjini London na kutoka sare 3-3, jina la Peters halikuwamo. Wageni walipokwisha kuondoka, mwaka 1907, aliitwa tena, akacheza na Ireland na Scotland.

Zitazameni tarehe hizo. Siasa ya ubaguzi ya makaburu ilianza rasmi mwaka 1948, miaka 42 baadaye. Wala Uingereza haikuwa na sheria iliyomkataza Peters. Palikuwa na wateuzi, meza na orodha ya majina, basi. Kwa maoni yangu, ubaguzi wa namna hii ni mgumu zaidi kuushitaki, maana hauachi hata alama ya kidole.

Peters alicheza mechi 5 za kimataifa, ya mwisho mwaka 1908. Alifariki mwaka 1954. England haikuwa na mchezaji mweusi mwingine mpaka Chris Oti, mwaka 1988. Ni miaka 80 kamili.

Kwa hiyo timu inapotangazwa, tusisome majina yaliyomo tu. Tuulize na yasiyokuwamo, maana wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.