Wapanga Shanga wa Vita: Vyuo vya Unadhimu na Rekodi Zake

Lori za jeshi zikianza kupita Timau, mama wa viazi huweka gunia chini na kusubiri. Zinatoka upande wa Nanyuki, zinafuata kiuno cha Mlima Kenya hadi njia panda ya Subuiga, kisha zinateremka Isiolo, kwenye Shule ya Askari wa Miguu. Anayezitazama huona bunduki na magurudumu. Mimi huona hesabu. Chukua magari 60, gari na gari zikiachana mita 50: huo ni msafara wa kilomita 3 na ushei. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mama atasubiri dakika 6 na kitu. Kuna mtu aliyekaa mezani akapiga hesabu hiyo, akaongeza mafuta, maji, breki za mteremko na mahali pa kulala.

Watanzania wana neno zuri la mtu huyo: mnadhimu. Neno hilo na nidhamu ni ndugu wa tumbo moja, na katika Kiarabu shina lao lina maana ya kutunga shanga kwenye uzi. Kazi hiyo ina vyuo vyake, na vyuo hivyo vina rekodi zake.

Kikongwe kuliko vyote. Hapa pana ubishi. Waingereza hutaja 1799, pale John Gaspard Le Marchant alipokusanya maafisa wachache katika mji wa High Wycombe, mwalimu wao akiwa Jenerali Jarry, Mfaransa mkimbizi. Wajerumani hutaja 1810, Scharnhorst alipofungua shule ya vita mjini Berlin baada ya Napoleon kuwaaibisha Waprusia. Kwa miaka, Uingereza inashinda. Kwa sifa, Berlin ndiyo iliyoigwa duniani.

Mkuu wa chuo aliyenufaika zaidi na kunyimwa darasa. Carl von Clausewitz aliongoza shule ya Berlin kuanzia 1818 hadi 1830. Alipewa makaratasi ya utawala, hakupewa mamlaka juu ya masomo. Basi akajifungia kuandika. Kipindupindu kilimuua 1831 kitabu hakijakamilika, na mjane wake Marie ndiye aliyeyapanga maandishi na kuanza kuyachapisha 1832. Leo sidhani kuna chuo cha unadhimu ambacho maafisa wake hawajakisikia kitabu hicho, *Vom Kriege*. Wachache humkumbuka Marie, ingawa kupanga karatasi zilizotawanyika ndiyo kazi yenyewe ya mnadhimu.

Cheti kilicholipa zaidi. Marekani ilianzisha shule yake Fort Leavenworth, Kansas, mwaka 1881. Mwaka 1926 meja mmoja aliibuka wa kwanza katika darasa la watu 245. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imemalizika bila yeye kufika mstari wa mbele. Jina lake Dwight Eisenhower. Tarehe 6 Juni 1944 ndiye aliyekuwa kamanda mkuu wa majeshi yaliyovuka bahari na kutua Normandy, kisha akawa rais. Askari shujaa walikuwa wengi. Waliojua kupanga meli, mizigo na hali ya hewa kwenye uzi mmoja walihesabika.

Kilichotikiswa zaidi. Chuo cha Quetta kilihamia mji huo mwaka 1907, enzi ya Waingereza huko India. Mei 1935 tetemeko liliufanya mji kifusi usiku mmoja. Mwaka 1947 likaja tetemeko la ramani: Quetta ikaangukia Pakistani, na India ikalazimika kuanzisha chuo chake Wellington, kwenye milima ya kusini. Chuo kimoja kikazaa majeshi mawili yaliyokuja kupigana, yote yakitumia vitabu vilevile.

Mwanafunzi aliyeondoka kwa sababu nzito kuliko zote. Mwaka 1990 afisa wa jeshi la Uganda aliyekuwa mkimbizi wa Rwanda alikuwa akisoma Fort Leavenworth. Tarehe 1 Oktoba wenzake walivuka mpaka kuingia Rwanda. Siku ya pili kiongozi wao, Fred Rwigyema, akauawa. Paul Kagame alifunga vitabu, akarudi kushika uongozi wa vita. Miaka 22 baadaye, 2012, nchi ambayo sasa alikuwa rais wake ilifungua chuo chake cha ukamanda na unadhimu huko Nyakinama, Musanze, karibu na milima ya volkano. Aliyekatiza shule ugenini akajenga ya nyumbani.

Herufi tatu zenye uzito kuliko zote. Ni *psc* (*passed staff college*), zinazoandikwa kwa herufi ndogo baada ya jina la afisa aliyefaulu chuo cha unadhimu katika majeshi yaliyorithi desturi ya Waingereza. Nyota za begani huonekana na kila mtu. Herufi hizi husomwa na wale wanaoamua nani atapewa brigedi.

Safari iliyofupishwa zaidi. Jeshi la Kenya lilizaliwa 1963 kutokana na vikosi vya King's African Rifles, ambamo Mwafrika alipigana miaka mingi bila kukaribishwa kwenye meza ya mipango. Hata baada ya uhuru, aliyetaka unadhimu alifunga mizigo kwenda ng'ambo. Katikati ya miaka ya 1980 Kenya ikapata Chuo cha Unadhimu huko Karen, Nairobi, na mwaka 1997 ikaongeza Chuo cha Taifa cha Ulinzi kwa maafisa wa ngazi za juu. Mwaka huohuo wa 1997, chuo cha Camberley huko Uingereza, mrithi wa darasa la Le Marchant, kikafungwa ili majeshi ya nchi kavu, bahari na anga yasome pamoja. Mwaka 2021 vyuo vya Kenya viliunganishwa chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi. Majirani nao wana vyao: Tanzania ina Duluti karibu na Arusha, Uganda ina Kimaka huko Jinja. Maafisa wa nchi hizi hutembeleana madarasani, kwa hiyo mnadhimu wa Kenya anaweza kumjua mwenzake wa Tanzania kwa sauti kabla hawajawahi kukutana msituni.

Lori la mwisho limepita. Mama anaokota gunia, anavuka. Vumbi linatulia. Chini Isiolo, kwenye joto, chai iko jikoni, kwa sababu jana kuna mtu aliyeandika idadi ya vikombe.