Kabla kisu hakijagusa mtu: mazoezi ya mikono kwa madaktari wa vijijini

Yanonge iko kwenye ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, kilomita kama 60 chini ya Kisangani. Mitumbwi yenye mihogo, mkaa na samaki hupanda mto kwenda mjini, na mara nyingine katikati ya mizigo hiyo analazwa mgonjwa: mama ambaye mtoto amekwama, mvuvi ambaye ngiri yake imejifunga na tumbo limekaza, kijana aliyevunjika mguu na mfupa ukatoka nje. Wataalamu walioandika ripoti kubwa ya jarida la Lancet juu ya upasuaji duniani, mwaka 2015, walisema kila mtu anapaswa kufika ndani ya saa 2 mahali panapoweza kufanyiwa mambo matatu: upasuaji wa uzazi, ambao wengi wetu tunauita sezarieni, kufunguliwa tumbo, na kutibiwa mfupa uliotoboa ngozi. Wakahesabu kwamba watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama wanaoweza kuulipia. Ndugu zetu walio kando ya mto hawahitaji kuelezwa hesabu hiyo. Wanajua mwendo wa kasia, na wanajua bei ya mafuta ya mota.

Basi kazi hiyo ifanyike karibu na watu. Na anayeifanya vijijini kwa kawaida si daktari mpasuaji. Ni daktari wa kawaida, mara nyingi kijana aliyetoka chuoni juzi, pamoja na wauguzi wake. Katika staji alisimama nyuma ya wenzake kumi akinyoosha shingo aone mikono ya mwalimu. Sasa mama yuko mezani, na mikono inayosubiriwa ni ya kwake.

Hapa kuna swali ambalo makanisa yenye hospitali yanapaswa kulitazama usoni. Kijana huyu atajifunzia kwa mwili wa nani? Kwa vizazi vingi jibu limekuwa moja: kwa mwili wa maskini. Mgonjwa wa kijijini, asiye na uwezo wa kwenda kwingine, ndiye daftari la mazoezi. Hatuwalaumu vijana, kwa sababu kila fundi ana mara yake ya kwanza. Lakini mara ya kwanza kufunga fundo na mara ya kwanza kufungua tumbo la mtu si lazima ziwe usiku mmoja.

Njia ya kuzitenganisha inaitwa mazoezi ya kuiga. Mwanafunzi anafanya kitendo chenyewe, kwa vyombo vyenyewe, juu ya kitu kisichoweza kufa. Wengi wakisikia hivyo wanafikiria midoli ya bei kubwa na kompyuta kutoka Ulaya. Vipo, na vinasaidia. Mwaka 2002 madaktari wa Yale, Marekani, walionyesha kwamba waliojizoeza kwenye kompyuta walifanya sehemu ya upasuaji wa kibofu cha nyongo kwa muda mfupi zaidi kwa asilimia 29, na kwa makosa machache kuliko wenzao. Ila kwa ufundi wa msingi mashine hiyo haihitajiki. Wazo lenyewe ni la kale mno. Vitabu vya uganga vya India ya zamani, vinavyobeba jina la Sushruta, viliagiza mwanafunzi akate maboga na matango kwanza, ashone nguo na ngozi, kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Maboga hayajapungua Tshopo.

Tuingie kwenye meza ya mazoezi. Kwa kushona ngozi hutumika mguu wa nguruwe au kipande cha ngozi ya mbuzi. Ngozi ya nguruwe inafanana sana na yetu kwa unene na ukinzani. Mwanafunzi anakata kwa bisturi, kisha anashona. Sindano ya upasuaji imepinda, na haisukumwi kama sindano ya cherehani. Inaingia wima kwenye ngozi, kisha kiganja kinazunguka kuufuata mpindo wake mpaka itokee upande wa pili. Wanaoanza karibu wote huivuta moja kwa moja, na ngozi inachanika. Kwenye mguu wa nguruwe unacheka na kuanza upya. Sindano inashikwa kwa chombo, haishikwi kwa vidole, na hilo ni zoezi lenyewe, kwa sababu kidole kilichochomwa kinaweza kupokea homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Nyuzi zisikazwe mno: kingo za jeraha zikutane tu. Zikikazwa, damu haipiti na nyama inakufa.

Kisha fundo. Wavuvi wa mto wangeweza kutufundisha sote habari ya mafundo, lakini fundo la mpasuaji lina ukali wake. Mzunguko wa pili lazima uende kinyume cha wa kwanza. Ukienda upande uleule fundo linaonekana zuri, daktari anafunga tumbo, na usiku linateleza, mshipa unaanza kutoa damu ndani mahali ambapo hakuna anayeona. Kwa macho tu huwezi kutofautisha kwa haraka fundo linaloshika na lile linaloteleza. Unavuta kamba mezani na kuona. Zoezi linaanza kwa kamba mbili za rangi tofauti zilizofungwa kwenye mguu wa kiti, ili mwanafunzi aone uzi upi umepita wapi. Akishazoea, anafunga uzi kwenye ndoano iliyogundishwa chini ya kopo jepesi, vidole vikiwa ndani ya kopo, bila kulinyanyua. Kopo likiinuka, maana yake mkono umevuta juu, na mshipa halisi ungekuwa umekwisha kung'oka. Fundo hamsini kwa siku, mkono wa kulia na wa kushoto, kwa majuma kadhaa. Inachosha. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Utumbo wa mbuzi, uliooshwa vizuri, hufundisha kuunganisha utumbo. Baada ya kushona unajaza maji na kuubana: panapovuja panaonekana, hakuna haja ya mwalimu kubishana na mtu. Na damu? Mfuko wa seramu uliojazwa maji yenye rangi nyekundu, mrija wake ukipitishwa chini ya ngozi ya mbuzi, unatosha. Mwanafunzi anakata, maji mekundu yanaruka, na papo hapo unamjua anayebonyeza kwanza kwa kidole na kutafuta mshipa kwa utulivu, na yule anayerusha koleo ovyo ndani ya dimbwi.

Mwenye kusoma Biblia atakumbuka kwamba Daudi alivua mavazi ya vita ya Sauli kwa sababu hakuwa ameyajaribu. Kombeo alikuwa amelizoea malishoni.

Je, mazoezi haya yanaokoa watu kweli? Mfano ulio karibu nasi ni wa hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1955. Haukuwa upasuaji, ulikuwa kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, lakini funzo lake linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja kwa mdoli. Walipopimwa kwa mdoli walifanya vizuri zaidi kuliko kabla. Walipotazamwa kwenye chumba cha kuzalia, na watoto wenyewe, kazi yao haikuwa imebadilika. Semina ilifanyika, vyeti labda vilitundikwa ukutani, na watoto waliendelea kufa kama zamani.

Haydom hawakuacha. Waliweka mdoli kando ya chumba chenyewe, na wahudumu wakafanya zoezi la dakika 3 hadi 5 kila juma, na la dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Wafanyakazi ni walewale na jengo ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba zoezi lilihama kutoka kwenye semina likaingia ratiba ya juma. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo viongozi wetu wanaopenda kufungua semina kwa hotuba na kufunga kwa picha ya pamoja wanapaswa kulisoma mara mbili.

Mazoezi si ya mkono mmoja tu. Wagonjwa hufa pia kwa sababu hakuna aliyeuliza kama damu ipo tayari, au vitambaa vilivyobaki tumboni havikuhesabiwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo 19 ya kusomwa kwa sauti chumbani. Ilijaribiwa katika miji 8, mmojawapo Ifakara, Tanzania, na kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo nayo huigizwa: mtu mmoja analala mezani akiwa mgonjwa, na muuguzi mdogo kuliko wote anapewa kazi ya kumsimamisha daktari na kusema kitambaa kimoja kimepungua. Katika hospitali zetu, ambako kumkatiza mkubwa huonekana utovu wa adabu, zoezi hili ni gumu kuliko fundo.

Tusizidishe. Mguu wa nguruwe haupumui, hauogopi, hauna mume anayelia nje ya mlango. Hakuna aliyewahi kuwa mpasuaji kwa mbuzi peke yake. Baada ya meza ya mazoezi lazima awepo mkubwa anayesimama upande wa pili wa mgonjwa, kwa mara ya kwanza, ya pili na ya kumi. Mazoezi yanachofanya ni kwamba siku ile mkubwa huyo asitumie muda wake kufundisha jinsi ya kushika koleo. Afundishe kuamua.

Desturi ya kufundisha mikono kando ya mto huu si ngeni. Ukishuka kutoka Kisangani, kabla ya Yanonge unapita Yakusu, ambako daktari Clement Chesterman wa misioni ya Wabatisti alifika mwaka 1920, akajenga hospitali na kuwafundisha vijana wa hapa uuguzi, na zahanati zikaenea vijijini. Chuo Kikuu cha Kisangani nacho kina mzizi katika Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kilichoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1963.

Kwa parokia au hospitali inayotaka kuanza, vinavyohitajika ni chumba chenye mwanga na kufuli, meza, vyombo vichache vya zamani, na mtu mmoja anayeshika ratiba na kuuliza nani hakuja. Wachinjaji wa sokoni wanaweza kuweka miguu na matumbo kila juma kwa bei ndogo. Simu inatosha kupiga video ya mikono, mwanafunzi ajione mwenyewe. Nyuzi zilizopitwa na muda zinafaa sana kwa mazoezi, ila sanduku lake liandikwe kwa herufi kubwa na lisikae hata siku moja katika chumba cha upasuaji. Vyombo vya mazoezi vivyo hivyo. Nyama iliyotumika izikwe siku ileile, mbali na mbwa, na sindano zihesabiwe wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, kama ambavyo zingehesabiwa kama aliye mezani angekuwa mtu.